Ushauri: filamu gani ya "katuni iliyogeuzwa watu" itawafaa watoto wa ploti?

MamaZuri_Umoja

Hamjambo humu ndani. Naomba majibu ya watu waliokaa wakaitazama filamu mpaka mwisho, si walioona bango tu.

Likizo ya Aprili sisi wazazi wa ploti yetu hapa Umoja tunataka kuwaonyesha watoto filamu Jumamosi moja alasiri kwenye ukumbi wa kanisa. Projekta ipo, spika tutaazima za kwaya. Watoto ni wa miaka minne hadi kumi na miwili. Tunataka filamu ya waigizaji halisi iliyotokana na kipindi cha watoto cha zamani, ndiyo hata sisi tukae ndani tutazame badala ya kubaki mlangoni tukipiga domo.

Shemeji yangu ameshaamua: Power Rangers ya 2017, na muda ukibaki, Transformers. Projekta ni yake, kwa hivyo lazima asikizwe. Binti yangu wa miaka mitano anataka Dora, yule msichana wa katuni, na hasikii la mtu. Mimi naogopa hizi filamu zinazobeba jina la kipindi halafu ndani ni mambo mengine kabisa. Niende na ipi?

RangiNyekundu

Shemeji yako namwelewa sana, lakini Power Rangers si ya mtoto wa miaka mitano. Marekani waliipa PG-13, yaani wazazi waonywe kwa walio chini ya miaka 13. Ni dakika 124, na wale vijana hawavai suti mpaka filamu inaelekea kuisha. Kabla ya hapo ni shida za shule, magomvi ya nyumbani na maongezi kando ya moto. Kile kipindi cha 1993 kilikuwa kinyume chake: utani kidogo, kisha mapigano, tena mengi ya mapigano yenyewe yalichukuliwa kutoka kipindi cha Kijapani, Zyuranger. Mtoto aliyekuja kuona mashujaa wa suti za rangi tano wakirusha mateke atakuuliza "wanaanza lini?" mpaka uchoke.

Mwambie shemeji kitu kimoja cha kumliwaza: Bryan Cranston anayecheza Zordon, mshauri wa hao vijana, alitoa sauti za majitu kwenye kipindi kile cha zamani kabla hajawa na jina. Akiitaka sana aitazame usiku na wanaume wenzake.

Transformers ya 2007 nayo ni PG-13, dakika 144. Hapo wadogo watakuwa wamelala au wanalia.

Shosh_wa_Buru

Mama Zuri, mwanangu, msikize huyo mtoto. Dora and the Lost City of Gold ya 2019 nimeitazama na wajukuu wangu. Dora amekuwa msichana wa miaka kumi na sita, anatolewa msituni anapelekwa shule Los Angeles, na wenzake wanamcheka. Tumbili Boots yupo. Mbweha Swiper yupo na kitambaa chake cha macho.

Pale mwanzoni Dora akiwa bado mdogo, wako mezani wanakula, anageukia kamera na kuwaambia watazamaji wataje neno, vile hufanya kwenye katuni. Baba yake anageuka pia, anachungulia aone mtoto anaongea na nani. Nilicheka mpaka chai ikanimwagikia. Mjukuu wangu wa miaka minne hakucheka hata kidogo, yeye alilitaja neno. Nikasema basi, hawa wametukumbuka sisi wote wawili.

Kuna mahali watu wanazama kwenye mchanga. Wadogo wakae karibu na wakubwa.

Mtazamaji254

Naunga mkono Shosh. Shida ya nyingi za filamu hizi ni kwamba zinatengenezewa mtu mzima anayekumbuka, halafu mtoto analetwa kama sababu ya kununua tiketi. Tazama Scooby-Doo ya 2002. Katuni ya 1969 ilikuwa na sheria moja: zimwi likikamatwa linavuliwa barakoa, na chini yake ni mzee fulani mwenye tamaa ya pesa. Mtoto mwoga alikuwa anapona hapo. Filamu ikaja na mapepo ya kweli yanayoingia miilini mwa watu, na adui mkubwa akawa Scrappy-Doo, yule mbwa mdogo mpwa wa Scooby! Matthew Lillard kama Shaggy ni moto, hilo silikatai, na hata baadaye alipewa sauti ya Shaggy kwenye katuni zenyewe. Lakini ile sheria wakishaivunja, mtoto aliyezoea katuni anabaki bila pa kushika.

The Last Airbender ya 2010 sitaki hata kuiongelea. Vipindi 20 vya msimu mzima wa katuni vimeshindiliwa kwenye dakika 103.

Na tafadhali sana, mkipakua chochote msiende na jina tu. The Banana Splits ya 1968 ilikuwa ya wanyama wa manyoya wanaopiga muziki na kufanya vituko. The Banana Splits Movie ya 2019 ni ya kutisha, wanyama walewale wanaua watu. Ukiona picha yake haraka kwenye simu utadhani ni ya watoto.

Ngumu_Kumeza

Mnajisumbua. Wekeni Machachari, kile kipindi cha watoto cha TV ya hapa Kenya, kina Baha na Govi wanaongea kama watoto wa hapa. Au Tinga Tinga Tales, katuni ya hadithi za wanyama, imechorwa hapahapa Nairobi na ikaonyeshwa BBC mwaka 2010.

Mtazamaji254

Tinga Tinga ni sawa kwa wale wa miaka minne, iwekeni kwanza wakiwa wanasubiri wenzao. Ila naomba asitokee mtu wa kuigeuza filamu ya wanyama halisi. Utamu wake wote uko kwenye zile rangi na madoa ya uchoraji wa Tingatinga. Mtoe Kobe kwenye rangi hiyo, umpe ngozi ya kweli ya kompyuta, unabaki na kobe.

Karani_Tu

Upande wa sheria kidogo. Alama za Marekani zinasaidia, lakini hapa kwetu ni KFCB, bodi ya kuainisha filamu Kenya, wanaoainisha: GE (ya watu wote), PG (wazazi waongoze), 16 na 18. Nyinyi tafuteni GE, au PG wazazi wakiwa ndani. Pia akaunti ya kutazamia filamu nyumbani ni ya nyumbani. Kuonyesha ukumbini kunataka ruhusa ya mwenye haki, hata kama ni bure, na mkianza kutoza kiingilio ndiyo mtajitafutia makubwa. Ulizeni mapema, Aprili haiko mbali.

MamaZuri_Umoja

Asanteni, na Shosh ubarikiwe. Ni Dora, na Tinga Tinga ya kutangulia. Hiyo ya ruhusa nitaifuata Jumatatu. Shemeji nimemwambia ya Zordon, akanyamaza kwanza, halafu akauliza kama Clifford ya 2021 nayo ni ya kulala.

Swali la mwisho: ukumbi una madirisha makubwa upande wa magharibi. Tukianza saa tisa tutaona kitu kweli?

RangiNyekundu

Saa tisa hamtaona kitu. Bandikeni katoni kwenye hayo madirisha, zile kubwa za friji, maduka ya vyombo huzitupa nyuma. Skrini iwe ukuta wenye madirisha, si ule unaoyatazama. Clifford ni mbwa mwekundu mkubwa kama lori, haina ujanja mwingi, lakini wa miaka mitano ataipenda. Hata shemeji pia.