Jino la mtoto mwoga: ling'olewe kwa ganzi, lizibwe, au nusu kaputi Dar? (Tanga)

MamaZuu_Makorora
Wapendwa, mwanangu jino linamuuma, usiku hatulali. Nimepewa njia tatu: ling'olewe kwa ganzi huku nimemkamata, kliniki ya binafsi wamzibe taratibu kwa miadi kadhaa, au Dar, alazwe nusu kaputi yaishe siku moja. Akiona koti jeupe tu ni kilio, hata wa buchani anamkimbia. Nataka niamue kabla ya Alhamisi.

Baharia_Mstaafu
Mtoto wa miaka mingapi? Jino la mbele au gego? Shavu limevimba? Dada, umetuletea kesi bila jalada.

BintiChumbageni
Ng'oa shoga. Si la utoto hilo? Litaota jingine.

MamaZuu_Makorora
Samahani, miaka 5 na nusu. Gego la chini kulia, limetoboka. Hajavimba.

Nesi_wa_Zamani
Binti, taratibu. Magego ya utoto hukaa mpaka miaka 10 hadi 12, ndiyo yanayoshikilia nafasi. Kwenye miaka 6 gego la kudumu huchomoza nyuma yake bila jino lolote kung'oka, na likikuta pengo husogea mbele. Ndiyo meno yanayopandana hayo. Mama Zuu, muulize daktari kwanza kama linazibika. Akivimba shavu au akipata homa, usingoje Alhamisi, mpeleke hospitali ya Bombo siku hiyohiyo. Nusu kaputi kwa jino moja mimi sioni sababu, labda yawe mengi. Kwanza hatakiwi kula kabla, na lazima awepo mtaalamu wa usingizi.

BabaPacha
Msifanye kama mimi. Kulwa wangu alikuwa na miaka 5, nikamwambia twende Raskazone kuogelea. Begi kabeba mwenyewe, na boya lake la bata kalivaa kiunoni tangu nyumbani. Tulipokata kona akanyamaza. Akapandishwa kwenye kiti na boya lake, mimi miguu, nesi mikono. Sindano ikaingia, akamng'ata daktari kidole mpaka yule mzee akaita mamaye. Jino lilitoka, sikatai. Lakini ganzi ilikaa saa mbili tatu na hakuna aliyeniambia nimchunge, mtoto akautafuna mdomo wake kama bablishi. Usiku umevimba kama embe. Sasa ana miaka 9, nikimwambia tu twende dukani kununua mkate anauliza, "Baba, tunaenda wapi kweli?"

BintiChumbageni
Boya la bata 😂😂 nimekufa

BabaPacha
Cheka tu. Mama yake hajacheka mpaka leo.

Bi_Mwanaidi
Mwanangu Mama Zuu, mwambie ukweli, ila usimtajie sindano wala "haitauma", maana neno "kuuma" ndilo atakalolibeba. Mchezeshe nyumbani, kijiko kiwe kioo, mhesabie meno, naye akuhesabie wewe. Siku ya kwanza aende akalie kiti tu. Daktari mzuri humwonyesha kile chombo kinachozunguka cha kusafishia tundu, anamgusisha ukucha kwanza, ndipo mdomoni. Na asubuhi aende, usimpeleke jioni kachoka.

Baharia_Mstaafu
Kuna na dawa ya kupaka yenye floridi, yale madini ya kukaza meno, haina sindano wala mashine. Inazuia tundu lisiendelee, ila pale palipooza panakuwa peusi tii. Ulizia kama wanayo.

BintiChumbageni
Jeusi? Na harusi ya mamdogo wake iko karibu?

Baharia_Mstaafu
Gego la nyuma, nani atalichungulia harusini?

Nesi_wa_Zamani
Hiyo ni kwa tundu lisilouma. Jino linalomwamsha usiku lenyewe huenda limeshafika kwenye mshipa, kupaka hakutatosha.

Kijana_wa_Arusha
Nyie endeleeni na floridi. Sisi tumekulia nayo, tazameni meno yetu ya kahawia.

Nesi_wa_Zamani
Yenu ni maji ya kunywa, yana floridi nyingi mno na mtoto anayanywa tangu mdogo mpaka anakua. Dawa ya mswaki ni kiasi cha punje ya njegere, na aiteme. Usichanganye.

Mzee_Mabawa
Zamani bibi zetu walifukiza moshi, mdudu wa jino anatoka mwenyewe unamwona.

Baharia_Mstaafu
Mzee, yule ni mbegu ya ile dawa ya kufukiza, imepasuka kwa moto. Hakuna mdudu.

Mzee_Mabawa
Mimi nilimwona.

MamaZuu_Makorora
Ahsanteni. Baba yake bado anasema ling'olewe. Jioni nimemwambia Zuu ukweli, akanyamaza, kisha akauliza kama daktari naye ana meno. Alhamisi tunakwenda kukalia kiti, ya kuziba au kung'oa tutayajua hukohuko. Tatizo ubuyu, anakula kutwa, nikimnyima bibi yake anampa.

BintiChumbageni
Ubuyu wa wapi huo, ule mwekundu wa pale sokoni Mgandini?

BabaPacha
Bei gani siku hizi?