Mihadhara na mijadala ya mkutano wa kikanda wa redio ya ridhaa: tuipange vipi?

Mpanga Ratiba ameuliza:

Ndugu zangu wa masafa, nawasalimu nyote. Nimekabidhiwa kazi ya kupanga ratiba ya mihadhara na mijadala katika mkutano wa kikanda wa redio ya ridhaa, yaani redio ya watu wenye leseni wanaowasiliana kwa kupenda tu, bila biashara, na kwa kuwa ni mara yangu ya kwanza, ningependa kusikia kutoka kwa waliowahi kuketi upande wowote wa ukumbi, iwe mbele penye kipaza sauti au nyuma penye viti. Tuna siku mbili, kumbi mbili, na maombi ya watoa mada ambayo ni karibu mara mbili ya nafasi zilizopo. Mengi kati ya hayo yanahusu njia za kidijitali, hasa FT8, ile ya kompyuta kutumiana ujumbe mfupi kwa redio. Machache yanahusu antena. Mawili yanahusu mawasiliano ya dharura. Na liko moja tu linalomlenga mtu aliyepata leseni juzi.

Kinachonisumbua si uhaba wa mada. Katika mkutano uliopita niliketi nyuma ya ukumbi mkubwa, mchana wa siku ya pili. Mtoa mada alikuwa bingwa wa kweli wa jambo lake, lakini alitusomea slaidi neno kwa neno kwa dakika hamsini, na kila alipobadilisha slaidi watu wawili watatu waliinuka kwenda kwenye meza za vifaa vilivyotumika. Alipouliza kama kuna swali, muda ulikuwa umekwisha, na mwenyekiti wa kikao amekwisha kusimama mlangoni akionyesha saa. Nilihuzunika, kwa sababu wale wale walioondoka niliwakuta nje wakiulizana maswali ya mada ile ile. Je, ni mhadhara wa namna gani unaomfaa mtu aliyesafiri kuja kuusikiliza, na mjadala uendeshwe vipi ili uwe mjadala kweli?

Dipoli Chini ya Paa amejibu:

Ndugu Mpanga Ratiba, pole na kazi, na hongera kwa kuikubali. Nimeratibu vikao vya aina hii kwa miaka kadhaa, na kigezo changu cha kuchuja maombi kimebaki kile kile: mtoa mada ataleta nini ukumbini ambacho msikilizaji hawezi kukisoma akiwa kwake? Asiyeweza kujibu swali hilo kwa sentensi mbili, mada yake hubaki nje hata kama jina lake ni kubwa.

Nitakupa mfano mmoja ambao sijausahau. Mtoa mada ya antena alikuja na fimbo mbili nyembamba za shaba, kila moja ya sentimita 52, akazifunga kwenye kipande cha ubao ziwe dipoli, yaani antena ya mikono miwili iliyonyooka, akaziunganisha na kipimo kidogo cha antena, kisha akarusha grafu ya kipimo hicho ukutani kwa projekta. Shimo la grafu, pale ambapo mawimbi yanayorudi ni machache kabisa, lilikuwa karibu na megahezi 137. Akauliza: nikikata sentimita moja kila upande, shimo litakwenda kushoto au kulia? Ukumbi ukagawanyika. Akakata kwa koleo, vipande viwili vikadondoka mezani, na shimo likasogea kulia kwa karibu megahezi 3. Akakata tena, na tena, hadi likatua jirani na 145. Hapo akawaita watu wawili wasimame nusu mita kutoka kwenye fimbo, na sote tukaona shimo likihama bila fimbo kuguswa. Ndipo alipoandika ubaoni kwamba 143 ukiigawanya kwa masafa yaliyo katika megahezi, unapata urefu wa dipoli kwa mita, na kwa hiyo dipoli ya megahezi 7.1 ni mita 20 na kidogo. Kanuni hiyo kila mmoja wetu alikuwa ameisoma kwa ajili ya mtihani wa leseni. Siku ile tuliiona ikitembea ukutani, na tukaelewa kwa nini dipoli iliyopimwa uwanjani hubadilika tabia ikining'inizwa karibu na paa la bati. Mhadhara wenyewe ulikuwa wa dakika ishirini na tano, na maswali yakachukua dakika arobaini.

Kwa hiyo nakushauri uwape watoa mada dakika 25 za kusema na dakika 20 za kuulizwa, na sharti hilo liandikwe kwenye barua ya kuwakubalia, si kutamkwa asubuhi ya siku yenyewe. Mwenyekiti wa kikao awe na swali lake la kwanza mfukoni, kwa sababu ukimya wa mwanzo huwa ni haya tu. Likishaulizwa moja, mikono huinuka.

Ushauri wangu wa pili ni kwamba ratiba ifuate jua. Mhadhara wa uenezi wa mawimbi uwe asubuhi ya siku ya kwanza, na kituo cha mkutano kiwe tayari nje. Mtoa mada akishaeleza kwamba tabaka la D la ionosfia, ile sehemu ya anga la juu yenye chembe za umeme, hufyonza mawimbi ya bendi za chini mchana na kutoweka usiku, na kwamba tabaka la F ndilo linalorudisha mawimbi ardhini kutoka mbali, wasikilizaji waende kituoni wakajionee. Saa za mchana wasikilize mita 40 (bendi huitwa kwa urefu wa wimbi lake), wasikie vituo vya karibu tu, kisha wapande mita 20 au 10 wasikie wa mbali. Jioni warudi mita 40. Nimewahi kuona mhadhara mzuri kuhusu mawasiliano ya mbali kwenye mita 80 ukipangwa saa sita mchana, na onyesho lililofuata likatoa kelele tupu. Mtoa mada hakuwa na kosa lolote, kosa lilikuwa la mpanga ratiba.

Sekunde Kumi na Tano amejibu:

Ninakubaliana na Mzee Dipoli kuhusu fimbo na koleo, lakini naomba tusiwaone waleta mada za kidijitali kama mzigo. FT8 ilitolewa mwaka 2017 na Joe Taylor, mwanafizikia wa anga aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 1993, pamoja na Steve Franke, na imewarudisha hewani watu wengi wenye wati chache na waya mfupi. Kinachochosha ni mihadhara mitano inayofundisha jambo moja, yaani namna ya kusakinisha programu na wapi pa kubofya.

Wakusanye waombaji hao, uwaombe watoe mhadhara mmoja wenye kina. Uanze kwa sauti: zima taa, rusha kwenye spika kipande cha kelele chenye ishara iliyo desibeli 20 chini ya kelele ya upana wa hezi 2,500, uwaulize watu kama wanasikia chochote. Hakuna atakayesikia. Halafu onyesha kompyuta ikiisoma ishara hiyo na kuandika alama ya kituo. Swali la namna gani litakuwa limejizaa lenyewe, na sasa mtoa mada anaweza kueleza toni nane zilizoachana kwa hezi 6.25, upana wote wa hezi 50 tu, ujumbe wa sekunde 12.64 ndani ya zamu ya sekunde 15, na kwa nini saa ya kompyuta iliyochelewa sekunde chache hukufanya uonekane bubu. Amalizie na ugonjwa ninaousikia kila siku, wa mtu anayesukuma sauti ya kompyuta hadi redio inazidiwa, kisha ishara yake inatapakaa juu ya majirani. Hilo lionyeshwe kwenye skrini, kabla na baada ya kupunguza sauti, na wengi watakwenda kurekebisha vituo vyao wiki hiyo hiyo.

Jambo moja nisiloafikiana nalo ni hofu ya viti vitupu. Mhadhara kuhusu kelele za vipokezi unaweza kuvuta watu kumi na wanne, na wale kumi na wanne wakawa ndio wanaojenga vifaa ambavyo sisi wengine tunavitumia. Uweke kwenye ukumbi mdogo, lakini usiufute.

Mlinzi wa 7110 amejibu:

Mimi nitasema kuhusu mjadala wa dharura tu, kwa sababu hapo ndipo nimeumia zaidi. Nilihudhuria mmoja ambao mezani waliketi watu sita, wawili kati yao wakiwakilisha taasisi ya uokoaji, na kila mmoja akasoma hotuba yake. Waendeshaji waliowahi kupokea ujumbe usiku wa mafuriko walikuwa viti vya nyuma, na hawakupewa kipaza sauti hata mara moja. Tulitoka bila kukubaliana tutakutana kwenye masafa gani mtandao wa simu ukizimika.

Naomba mjadala wenu uanze kwa zoezi. Andikeni ujumbe wa maneno 25 wenye jina la mtu, idadi na saa. Upitishwe kwa redio za mkononi kupitia waendeshaji wanne walio nje ya ukumbi, kila mmoja akiusikia na kuuandika, kisha wa mwisho aingie ausome mbele ya watu. Katika zoezi nililoliendesha, blanketi 70 ziliwasili zikiwa 90. Hakuna aliyezembea: sabini na tisini, kwenye redio yenye mkwaruzo, ni neno moja. Tuliporudia na kutaja tarakimu moja moja, saba, sifuri, na mpokeaji akairudia kabla ya kuendelea, ujumbe ulifika mzima. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kushawishiwa kwamba ujumbe una utaratibu wake wa kuandikwa na kusomwa, na wale wa taasisi waliokuwepo waliuliza maswali mengi kuliko sisi.

Kisha mjadala uende kwenye mambo ya kuamua. IARU, chama cha kimataifa cha redio ya ridhaa kilichoundwa Paris mwaka 1925, kimependekeza masafa ya kukutania wakati wa dharura: kilohezi 14,300, 18,160 na 21,360 kwa dunia nzima, na katika Kanda ya 1, yaani Afrika, Ulaya na Mashariki ya Kati, 3,760 na 7,110. Mkutano ukiwa wa kanda nyingine, tumieni orodha ya kanda hiyo. Waulizeni waliomo ukumbini nani ana betri ya kuendesha kituo saa ishirini na nne bila umeme wa gridi, na nani amewahi kuipima kwa mzigo wa kweli. Mikono itakayoinuka ndiyo hali yenu halisi, na mazungumzo yaanzie hapo.

Leseni Mpya amejibu:

Shikamooni wakubwa zangu. Nina leseni kwa muda usiofika mwaka, na mkutano wangu wa kwanza nilihudhuria vikao saba bila kuuliza swali hata moja. Sikuwa mvivu. Kila mhadhara ulianza na vifupisho ambavyo wote walionekana kuvijua, na dada mmoja aliyeuliza SWR (kipimo cha mawimbi yanayorudi kutoka kwenye antena) ni nini aliambiwa kwamba hilo atalipata kwenye vitabu. Niliona uso wake, nikaamua kunyamaza.

Ninaloomba ni dogo. Kila kiti kiwe na kikaratasi na kalamu, maswali yakusanywe bila majina, na mwenyekiti aanze na yale rahisi. Kinachonivuta zaidi, hata hivyo, ni warsha. Nilijifunza zaidi kwa nusu saa ya kulehemu plagi ya PL-259, ile ya kebo ya antena, nikiwa nimesimama kando ya mama mmoja aliyenishika mkono na kunionyesha kwamba nilikuwa nauondoa moto kabla risasi ya kulehemea haijatiririka, kuliko kwa vikao vyote saba. Plagi yangu ya kwanza ilikuwa imeshika kwa juu tu. Aliivuta kidogo ikachomoka, akacheka kwa upole, tukaanza upya.

Tena msituondolee Morse, ile ya nukta na mistari, kwa kudhani vijana hawaitaki. Tangu mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio wa mwaka 2003 uiachie kila nchi iamue yenyewe kama itaidai, wengi wetu tumepata leseni bila kuijua, na hiyo ndiyo sababu tunaitamani. Meza moja yenye ufunguo wa kupigia Morse na mtu mwenye subira inatosha.

Mpanga Ratiba amejibu:

Nawashukuru kwa dhati. Nimekaa na wenzangu jana usiku, na ratiba imebadilika sura. Waombaji wa FT8 wamekubali kuungana, na onyesho la kelele kwenye giza litakuwa la kwanza baada ya chakula cha mchana, saa ambayo watu husinzia. Uenezi wa mawimbi unafungua siku ya kwanza. Vipokezi vimebaki, ukumbi mdogo, dakika zao zote. Mjadala wa dharura hautakuwa na meza kuu. Viti vitapangwa mduara, na ujumbe wa maneno 25 nitauandika mwenyewe. Dada Leseni Mpya, warsha ya kulehemu imepewa alasiri nzima ya siku ya pili, na swali la SWR ni nini litaulizwa na mwenyekiti mwenyewe, wa kwanza, katika kikao cha antena.

Mzee Dipoli, nimeshapata fimbo za shaba na koleo. Limebaki swali moja: ukumbi wetu una nguzo za chuma kila mita nne, na jukwaa liko katikati ya mbili. Je, nisogeze onyesho lile nje chini ya turubai, au nguzo hizo zitatusaidia kuonyesha jambo lile lile ulilolionyesha kwa watu wawili?

Dipoli Chini ya Paa amejibu:

Anza katikati ya jukwaa, mita mbili kutoka kila nguzo, ukate hadi shimo litue kwenye 145. Kisha ubebe ubao polepole kuelekea nguzo moja huku projekta ikiendelea kuonyesha, fimbo zikiwa zimesimama wima sambamba na nguzo. Usiseme neno hadi waanze kuuliza.