Maoni yangu yamefutiwa mafuta ya sambusa, halafu naambiwa "tumeyachukua"

Guta Halilali

Wakuu nimetoka mkutanoni sasa hivi, niko kwenye daladala naandika kwa kidole gumba mkono mwingine umeshika bomba, herufi zikiruka mnivumilie.

Jina sitaji. Mnamjua. Yule yule wa baraza la ushauri la maendeleo endelevu, mwenye sauti ya kusoma taarifa ya msiba, kila penye mti unapandwa yupo na koleo jipya. Kuna mti mmoja naapa kaupanda mara nne, mgeni akija unang'olewa unaoteshwa upya, ule mti sasa hivi una kizunguzungu.

Basi bwana. Barua ililetwa na mhuri, "mdau muhimu". Mi mzoa taka, na guta langu la matairi matatu, tuko kikundi cha watu 11, mara ya mwisho kuandikiwa barua yenye mhuri ilikuwa ya kuitwa mahakama ya mwanzo. Tukakaa vikao viwili tukachanga mawazo, binti yangu wa form three akayaandika kwa mwandiko wa kunyooka, kurasa mbili, kalamu ya bluu, vichwa vya habari kapigia mstari kwa rula. Tumesema dampo lipo Pugu Kinyamwezi na guta haliwezi kufika huko, tunaomba sehemu ya katikati ya kushushia taka gari lije kubeba. Tumesema ada ya taka anakusanya mwingine, taka tunabeba sisi. Tumesema glavu. Basi, hatujaomba ndege.

Nimefika ukumbini saa mbili asubuhi, mkutano umeanza saa nne na nusu. Slaidi ikawashwa, yale malengo 17 ya maendeleo endelevu ya Umoja wa Mataifa, ya rangi rangi, akasoma moja moja, nikamshukuru Mungu yako 17 maana chini yake kuna shabaha 169 na jamaa alikuwa anaonekana ana pumzi nazo. La 12 ndo linagusa taka, nikakaa vizuri. Akalipita kama daladala lililojaa.

Mapumziko ya chai nikamfuata. Shikamoo mheshimiwa, mi ni wa kikundi cha taka, maoni yetu haya hapa. Akapokea kwa mkono wa kulia. Mkono wa kushoto una sambusa. Akamaliza sambusa. AKAFUTA VIDOLE. Kwa karatasi ya binti yangu. Kimoja kimoja jamani, hadi kidole cha pete. Halafu akaikunja akaiweka chini ya kisosi akasema, "Ahsante sana mzee wangu, tumeyachukua."

Hadi sasa sijui aliyachukua maoni au mafuta.

Mezani pakiti ya tishu ilikuwepo! Iko PALE! Nimpelekee nini binti, nimwambie mwandiko wako unanyonya vizuri?

Kausha Damu

Hahahaha hadi kidole cha pete. Uzi ufungwe, mshindi kapatikana.

Mjomba wa Kikao

Mkuu pole ila na wewe ulienda na matumaini makubwa. Neno lenyewe USHAURI. Hivi vyombo vimeanza kushamiri baada ya mkutano wa Umoja wa Mataifa wa mazingira na maendeleo, Rio 1992, mpango wake ule wa Agenda 21 ukahimiza nchi ziwe na mabaraza ya kitaifa ya kukutanisha serikali, wafanyabiashara, wanasayansi na watu kama wewe na guta lako. Kazi yao kusikiliza na kushauri, hawana fungu wala hawapitishi sheria. Ni kama mjomba kwenye kikao cha harusi, anaongea kuliko wote, kadi ya mchango hachukui.

Guta Halilali

Mjomba sijaomba apitishe sheria. Nimeomba asifute mikono. Mjomba wa harusini angalau anakulia sahani yake.

Mbagala hadi Berlin

Huku Ujerumani baraza kama hilo wanalo tangu 2001 enzi za kansela Schröder, watu 15 wanateuliwa na serikali, humo utakuta wa viwanda, wa vyama vya wafanyakazi, wa mazingira. Wakiishauri serikali wanaandika na kutoa hadharani, serikali ikipuuza basi kila mtu anaona imepuuza nini. Finland ndo kabisa, yao ya 1993 waziri mkuu mwenyewe alikuwa anakaa kwenye kiti, hapo ushauri hauna pa kupotelea maana anayeshauriwa yuko chumbani. Shida ya kwetu mtu anapokea karatasi na hakuna daftari la kuonyesha karatasi imeenda wapi.

Kausha Damu

Imeenda chini ya kisosi, si kasema.

Mbagala hadi Berlin

We kijana una laana.

Chai ya Rangi

Usiwasifie sana wazungu. Waingereza walikuwa na tume yao ya maendeleo endelevu tangu 2000, ilikuwa inakagua hadi wizara zenyewe zinavyotumia umeme na maji, ilipoingia serikali ya Cameron wakasema tunabana matumizi, ikafungwa 2011. Mshauri anayeuliza maswali haishi umri mrefu. Anayekula sambusa anazeeka ofisini.

Mama Wawili Kimara

Mi nauliza kitu kimoja. Hapo ukumbini mlipewa maji ya chupa za plastiki?

Guta Halilali

Dada umegusa kidonda! Kila kiti chupa mbili! Mkutano wa kuokoa dunia, chupa zimepangwa kama gwaride, na mtu anafungua anakunywa funda moja anaiacha. Halafu amesimama anatuelekeza sisi kuhusu taka. Sisi!

Mama Wawili Kimara

Na zile chupa zilienda wapi mkutano ukiisha?

Guta Halilali

Hilo si hoja ya uzi.

Kausha Damu

MKUUUU. Ulizibeba.

Guta Halilali

Niliziacha ziende wapi? Viroba viwili. Ndo kazi yangu. Ndo maendeleo endelevu yenyewe hayo, pale ukumbini aliyetekeleza lengo namba 12 nilikuwa mimi peke yangu.

Bodaboda Msomi

Kwa hiyo barua imekuita mdau muhimu, umetoka na viroba viwili vya makopo, na posho hujaitaja. Taja posho mkuu. Unaonekana kuna bahasha unaificha.

Guta Halilali

Nauli elfu kumi na fulana. Fulana saizi ya mtoto wa chekechea, imeandikwa "Sauti Yako Ni Muhimu". Nimeivaa ikaishia kitovuni. Sasa fikiria nimesimama na fulana hiyo ya sauti yako ni muhimu, mbele yangu mtu anafuta vidole kwa sauti yangu.

Njugu Karanga 254

Wasee wa TZ poleni. Huku Kenya tulikuwa na baraza zima la mazingira kwenye sheria ya 1999, waziri ndiye mwenyekiti, 2015 wakarekebisha sheria likatolewa na si ati kuna mtu alilia. Sahii tuko na public participation, yaani kushirikisha wananchi, kwa Katiba, unaitwa kwa hall, unapewa soda, unapewa mic dakika mbili, ukianza kuongea ya maana mic inazima. Lakini mifuko ya plastiki tuliwashinda, sisi tulipiga marufuku 2017, nyinyi mkakuja 2019 mkihema.

Chai ya Rangi

Tulikuja 2019 ndio lakini tulikuja vizuri. Nyie mnasifia marufuku huku mnatuuliza njia za panya.

Njugu Karanga 254

Hiyo ni biashara ya mipaka buda, ni Afrika Mashariki moja.

Mama Wawili Kimara

Msiniletee ya mifuko. Mi nina mgahawa, nimekatazwa hiki nimekatazwa kile. Juzi wamekuja na habari ya nishati safi ya kupikia, eti hadi 2034 asilimia 80 ya watu tuwe tumeachana na kuni na mkaa. Sawa, nakubali, moshi umeniharibu macho. Nikauliza mtungi wa gesi nikijaza ukiisha katikati ya wali wa watu nafanyaje? Yule kijana wa semina akaandika kwenye daftari lake "changamoto". Neno moja. Changamoto. Wali uliungua lakini.

Bodaboda Msomi

Taasisi zinazolisha watu zaidi ya mia ziliambiwa ziache kuni na mkaa tangu Januari 2024. Shuleni kwa mwanangu nikipita asubuhi naona moshi, nikauliza nikaambiwa ni ukungu. Ukungu wa maharage.

Kausha Damu

Ukungu wa maharage 😂😂 huu uzi nauhifadhi.

Guta Halilali

Jamani tumetoka kwenye mada. Alifuta VIDOLE. Pakiti ya tishu ilikuwa mezani, haijafunguliwa hata.

Mjomba wa Kikao

Mzee tumesikia. Tumeyachukua.

Guta Halilali

Mjomba nakuheshimu sana lakini hapo umenikosea.

Mama Wawili Kimara

Naomba kuuliza, hizo sambusa zilikuwa za nyama au za viazi? Maana za viazi hazitoi mafuta hivyo. Mafuta ya kuhitaji karatasi mbili hizo ni za nyama na zimekaangwa moto mdogo, zimenywa.

Guta Halilali

Za nyama.

Bodaboda Msomi

Umejuaje?

Guta Halilali

Nilikula nne. Chai ilikuwa ya wote.

Kausha Damu

NA VIDOLE ULIFUTIA NINI MKUU

Guta Halilali

Fulana.

Mama Wawili Kimara

Basi mi nakaanga za nyama, moto mkali, hazishiki mafuta, Kimara Mwisho napeleka hadi mlangoni kuanzia kumi. Anayetaka aje inboksi.

Chai ya Rangi

Kumi bei gani?

Njugu Karanga 254

Unafikisha Namanga?

Guta Halilali

Nitakutafuta kesho dada, binti anazipenda. Ila usinifungie kwenye karatasi yenye maandishi.

Mama Wawili Kimara

Kaka sina nyingine, nafungia daftari za shule.