Mrejesho: Rilei baada ya kuweka kizuizi cha mkondo cha supakondakta

Niliuliza kwa nini rilei (vifaa vinavyogundua hitilafu na kuamuru breka ikate umeme) za mkondo na za umbali, yaani zinazokadiria umbali wa hitilafu kwa volti na mkondo, zilipoteza uratibu (mpangilio wa ipi itangulie kukata) baada ya kuongeza kizuizi cha mkondo wa hitilafu cha supakondakta (kifaa ambacho ukinzani wake hupanda ghafla mkondo unapozidi, hivyo kuupunguza) katika modeli yangu ya mtandao wa umeme. Nawashukuru nyote mliojibu.

Ushauri wa kukokotoa upya mipangilio ya rilei kwa kutumia mkondo uliokwisha kupunguzwa umefaulu: kwa kuwa rilei za mkondo huchelewa kadiri mkondo unavyopungua, nilishusha kizidishi cha muda (mpangilio unaoamua rilei ichelewe kiasi gani), na sasa breka iliyo karibu na hitilafu hutangulia ile ya akiba. Kwa rilei ya umbali, kuhamishia transfoma ya volti (inayoipa rilei kipimo cha volti) upande wa laini, baada ya kizuizi, kuliondoa ukinzani wake katika kipimo. Hata hivyo rilei ya akiba ya kituo cha nyuma bado huiona hitilafu kuwa mbali kuliko ilivyo, na nilipopanua eneo lake la pili (sehemu ya mbali zaidi inayolindwa kwa kuchelewa kidogo) liligongana na ulinzi wa laini jirani, hivyo nikalirudisha lilivyokuwa. Ulinzi wa tofauti ya mikondo, unaolinganisha mkondo unaoingia na unaotoka, kama mlivyosema, haukuyumba.

Kinachosumbua zaidi, na nadhani kinastahili kutajwa mapema kuliko kawaida, ni ufungaji wa breka upya kiotomatiki (kurudisha umeme muda mfupi baada ya kukatwa), kwa sababu supakondakta huhitaji muda wa kupoa kabla ya kubeba mkondo tena. Kwa sasa nimeuzima.