Jambia la babu lina mawimbi kama nyoka, mama anataka tulitupe baharini

MwanaTanga:
Habari zenu wakuu. Babu mzaa mama alikuwa baharia wa meli za mizigo, kafariki mwaka jana Mungu amrehemu, sasa kwenye sanduku lake la bati tumekuta jambia limeviringishwa kitambaa cha njano. Sio kama yale ya Kiarabu, hili bapa lake limepinda huku na huku kama nyoka anatembea, karibu na mpini limepanuka upande mmoja, alafu ukiligeuza kwenye mwanga unaona vidoa vyeupe vimetawanyika ndani ya chuma cheusi kama punje punje. Bibi anasema babu alipewa Singapore na mzee mmoja wa Kijava, na kila mwaka alikuwa anajifungia chumbani kulisafisha. Tangu tulilete nyumbani mama halali vizuri, jirani kamwambia vitu hivyo vina jini, ndo anataka Jumamosi twende tukalitupe baharini. Mimi roho inaniuma kwa kweli. Nilitaka nilipige msasa kwanza kutu itoke ndo nimwonyeshe mama kwamba ni chuma tu. Kuna anayejua hiki ni kitu gani?

Mswahili_Jogja:
Dada nakuomba sana, msasa weka mbali! Hiyo ni keris. Mimi nasoma huku Yogyakarta, Java, mwenye nyumba wangu anazo nne na nimekaa naye usiku mwingi akinielezea. Hivyo vidoa wanaita pamor, mhunzi wao (wanamwita empu) anakunja chuma cha kawaida pamoja na chuma chenye nikeli, anakifua, anakikunja tena, mpaka rangi mbili zinachorana. Zamani kasri la Surakarta lilitumia hata chuma cha kimondo kilichoanguka jirani na mahekalu ya Prambanan. Kama vidoa vyako vimetawanyika kama punje inawezekana ni beras wutah, yaani mchele uliomwagika, na wao wanaamini inamletea mwenyewe riziki. Ukipiga msasa umeufuta mchele wote, na hakuna wa kukurudishia.

Hebu hesabu hayo mawimbi, yanaitwa luk, lazima yawe witiri, 3, 5, 7 hivyo, ukipata shufwa rudia umekosea. Na zipo nyingi tu zilizonyooka kabisa.

Kitu kilichonigusa mimi ni kwamba huku keris hawasemi bei yake shilingi ngapi, wanasema mahar. Mahari dada, ileile yetu! Manake huinunui, unaioa, na ndo maana kabla ya kuichukua mtu anapima kwanza kama wanaendana. Mzee wangu alinionyesha, anaweka dole gumba kwenye bapa, analifuatisha la pili, anapanda hivyo hadi nchani huku anataja maneno kwa zamu, neno linaloangukia nchani ndo jibu. Wengine wanalala nayo chini ya mto wasubiri ndoto. Nikampa mkono nishike, akanizuia, akasema ipokee kwa mikono miwili uipandishe mpaka kwenye paji la uso ndo uichomoe.

Mpenda_Historia:
Hofu ya mama ina asili yake jamani tusiidharau. Kuna kisa maarufu Java cha Ken Arok, alimwagiza mhunzi Gandring amfulie keris, Gandring akaomba mwaka mzima, jamaa karudi baada ya miezi mitano akakuta haijaisha, kwa hasira akamchoma nayo. Gandring anakata roho akalaani kwamba keris hiyo itamuua Arok mwenyewe, na wanawe na wajukuu, wafalme saba. Arok akamuua nayo mtawala wa Tumapel, akamwoa mjane wake Ken Dedes, mwaka 1222 akawa mfalme wa Singhasari, na mwisho keris ileile ikamrudia. Lakini ukikitazama vizuri laana imetoka kwa mtu aliyedhulumiwa, sio kwenye chuma. Ya babu yako ilitolewa kwa mapenzi, hiyo ni tofauti kubwa. Na thamani yake msiione ndogo, ya Prince Diponegoro aliyepigana na Waholanzi 1825 hadi 1830 ilikaa Uholanzi miaka na miaka, wakaja kuirudisha Indonesia 2020 na ilikuwa habari kubwa.

Bi_Mkubwa_Mvita:
Mwanangu, mama usimbishie kwa ukali, ana msiba huyo, kumbuka ni babake. Mwambie tu kwamba wenye keris wengi ni Waislamu kama sisi, Sultan Agung, mtawala wa huko Java, mwaka 1633 aliiunganisha kalenda ya Kijava na ya Hijria, na keris zao wanaziosha mwezi wa Suro ambao ndo Muharram, Mfungo Nne wetu. Hata huko kwao wapo wanaosema kuiomba keris ni shirki, na mimi naungana nao, lakini kuitunza amana ya mzazi sio kuiomba. Kama hawezi kulala nayo ihamishieni kwa bibi.

Mswahili_Jogja:
Bi Mkubwa kasema kweli. Dada kuhusu kutu, huku wanailoweka kwenye maji ya nazi zilizokomaa kisha wanaisugua kwa ndimu na brashi laini, yale maji yanatoka meusi tii, wanasuuza, wanakausha vizuri, mwisho mafuta ya sandali kidogo. Kabla ya hayo mafuta huwa wanapaka warangan ili pamor itokeze, hiyo USIJARIBU, ni aseniki, sumu kabisa, na kwenye keris ya zamani inaweza kuwa imebaki kwa hiyo nawa mikono kila ukiishika na watoto wasiisogelee.

MwanaTanga:
Asanteni sana wote. Nimehesabu mara tatu, ni 9. Mama kakubali irudi kwa bibi. Nilipompigia bibi kumuuliza babu alikuwa anaisafishia nini, kanyamaza kidogo alafu akasema kila Mfungo Nne alikuwa anarudi sokoni na ndimu fungu zima, na yeye miaka yote alijua ni za achari.