Premio inatetemeka ikiwa D nimekanyaga breki, mafundi wawili wameshindwa. Naombeni ushauri

Dada wa Nkuhungu (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nipo Dodoma, Nkuhungu. Naendesha Toyota Premio ya 2004, injini ya 1ZZ, cc 1800. Ndiyo inayonipeleka kazini Mtumba kila siku, na watoto wawili nawashusha shule njiani. Ikilala gereji, nyumba nzima inahangaika.

Tatizo lilianza wiki tatu zilizopita, niliporudi msibani kijijini huko Kondoa. Asubuhi injini ikiwa baridi inawaka vizuri, sailensi (mzunguko wa injini gari ikiwa imesimama) iko juu, haina neno. Ikishapata moto, nikisimama kwenye mataa gia ikiwa D na mguu kwenye breki, inaanza kutetemeka mpaka kioo cha kati kinacheza. Mshale wa mizunguko ya injini unashuka chini ya 600, unapanda, unashuka tena. Imeshazima mara mbili. Mara ya pili ilikuwa kwenye kipilefti, nyuma yangu kuna lori, na mtoto akaanza kulia.

Nikiondoka inasita kwanza, halafu ikishachanganya inakwenda vizuri tu. Hadi Ihumwa natembea 80 bila wasiwasi. Nikiweka N mtetemo unapungua. Nikiweka R kuingia getini inatulia kabisa. Taa ya injini inawaka.

Fundi wa kwanza alibadilisha plagi zote nne, akasafisha throto (mlango wa kuingizia hewa kwenye injini). Ikatulia siku mbili, ikarudia. Wa pili akasema maunti ya injini (raba inayoishikilia kwenye bodi) imekufa, na kweli alinionyesha raba imepasuka, akaweka nyingine. Mtetemo ulipungua kidogo, ila bado inazima. Sasa anataka ninunue koili nne (zinazopeleka umeme kwenye plagi), na zikishindwa tubadilishe kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini. Nimeshatoa laki mbili na themanini na mwezi haujaisha. Kabla sijatoa nyingine naomba mnisaidie.

Mzee wa Kizota

Pole sana mwanangu. Anza na mafuta. Ulijaza wapi ukiwa huko safarini? Petroli ikiwa na maji gari inakohoa hivyo hivyo. Halafu kumbuka Dodoma ipo juu, mita 1,100 na zaidi, hewa ni nyepesi kuliko ya Dar. Gari nyingi zikihamia huku zinabadilika.

Fundi Umeme Ipagala

Mzee wangu shikamoo. Kwenye mafuta nakuunga mkono, ila la mwinuko hapana. Zama za kabureta ilikuwa kweli, fundi alilazimika kurekebisha mchanganyiko kwa bisibisi. Gari hii ina sensa ya kupima hewa, na kontroli boksi inapunguza mafuta kulingana na hewa inayoingia. Isitoshe gari imekuwa hapa hapa siku zote, mwinuko usingeanza kuisumbua wiki tatu zilizopita.

Dada, koili usinunue kwanza. Koili ikifa, silinda moja haichomi, na gari ingesumbua hata kwenye kilima, tena huko ndiko ingesumbua zaidi. Yako inasumbua ikiwa imesimama tu. Ukitaka uhakika, tafuta mtu mwenye mashine akusomee kodi, yaani namba za hitilafu ambazo gari imehifadhi. Ikitoka P0303, maana yake silinda ya tatu ndiyo inayomisi (haichomi mafuta). Hamisha koili ya tatu uiweke ya kwanza, futa kodi, endesha. Kodi ikigeuka P0301, koili ndiyo mbovu, nunua hiyo moja. Ikibaki P0303, koili haina kosa. Jaribio hilo halina gharama, na fundi anayetaka koili nne bila kulifanya anakisia kwa pesa yako.

Plagi ulizowekewa ni za namba gani? Kama mwishoni zina 11, nafasi ya kurukia cheche ni milimita 1.1, hiyo ndiyo ya 1ZZ. Feki zimejaa, ziangalie vizuri.

Dereva wa Singida

1ZZ za mwanzo zinasifika kwa kula oili. Cheki stiki yako ya kupimia oili. Ikiwa inakula, plagi zinajaa masizi na gari inamisi. Yangu ilifika kula lita moja kabla ya kilomita elfu mbili.

Dada wa Nkuhungu (mleta uzi)

Asanteni. Nimemuuliza fundi plagi, zina 11. Oili haipungui, nacheki kila Jumapili. Mafuta nimeshajaza mara nne tangu Kondoa, vituo tofauti, hali ni ile ile.

Leo nimepimisha. Kodi ni mbili, P0171 na P0300. Kijana wa mashine ni muungwana, nilimwomba anionyeshe namba kwenye kioo chake. Kuna asilimia ya mafuta ambayo kontroli boksi inaongeza yenyewe. Gari ikiwa imesimama inasoma 24 chanya. Tulipopiga resi hadi 2,500 na kuishikilia, ikashuka hadi 6. Hakujua kunieleza maana yake.

Fundi Umeme Ipagala

Hapo umeleta kitu kikubwa. P0300 ni kumisi kusikochagua silinda, kwa hiyo koili nne wasahau. P0171 ni kwamba hewa imezidi mafuta.

Zile asilimia sasa. Pampu ingekuwa dhaifu au chujio la petroli limeziba, namba ingepanda ukipiga resi, kwa sababu injini inahitaji mafuta mengi na hayafiki. Yako inashuka. Maana yake kuna tundu linalovuta hewa ambayo sensa haijaipima. Injini ikiwa sailensi inavuta hewa kidogo sana, kwa hiyo hewa ya tundu ni sehemu kubwa. Ukipiga resi inavuta nyingi, ya tundu inakuwa kama tone. Tafuta mpira unaovuta hewa: wa hydrovaki (kisaidizi cha breki), wa PCV (valvu ya kutoa mvuke wa oili), na gasketi ya manifoldi (njia ya hewa kwenda kwenye silinda).

Mama Gereji Chang'ombe

Nimesoma uzi wote na naona jambo moja limepitwa. Dada amesema kwenye R inatulia KABISA. Hapo ndipo jibu lilipo.

Injini hii imefungwa kwa upana wa gari. Ukiweka D na kukanyaga breki, injini inajikaza na kuegemea upande mmoja. Ukiweka R inaegemea upande wa pili. Mpira wa hydrovaki au gasketi ikivuja, inavuja kwenye gia zote. Kinachovuja kwenye D na kuziba kwenye R ni kitu kinachovutwa injini inapoegemea. Kwenye Premio hii ni ule mpira mkubwa mweusi wenye mikunjo, unaotoka boksi la ea klina (chujio la hewa) kwenda kwenye throto. Boksi limefungwa kwenye bodi, halichezi. Throto ipo kwenye injini, inacheza. Mpira upo katikati, na sensa ya hewa ipo kabla yake, kwenye boksi. Mpira ukichanika kwenye mkunjo, hewa inaingia bila kupimwa.

Na ile maunti iliyokufa, dada, si ajabu ndiyo iliyouchana. Injini ilikuwa inaruka kupita kiasi, mpira unavutwa kila siku. Ndiyo maana maunti mpya ilipunguza tatizo bila kulimaliza.

Ukiutazama kwa juu hutaona kitu, nyufa zinakaa chini. Zima gari, ipoe, legeza klipu mbili, uchomoe mpira wote. Toka nao juani, kunja mkunjo mmoja mmoja kama unakamua nguo. Asikudanganye mtu kukagua injini huku gari ikiwa D na mwingine amesimama mbele. Breki ikiteleza tu, tunazungumza habari nyingine.

Ukikuta ufa, zungushia utepe wa umeme tabaka nyingi, rudisha, jaribu. Huo ni wa majaribio tu, joto litaulegeza. Kisha utafute mpira mzima, hata wa mtumba, ilimradi umeukunja mwenyewe dukani.

Dada wa Nkuhungu (mleta uzi)

MREJESHO. Dada yangu wa Chang'ombe, Mungu akubariki.

Tumeutoa jana jioni na mdogo wangu. Kwa juu mpira ulikuwa unang'aa kama mpya. Tulipougeuza na kuukunja, mkunjo wa pili kutoka kwenye throto ukafunguka kama mdomo, urefu wa kidole changu cha shahada. Ndani kulikuwa na vumbi jekundu limejipanga kuanzia kwenye ufa kuelekea kwenye throto. Upande wa ea klina ni safi kabisa. Nilikaa chini nikautazama muda mrefu.

Tukafunga utepe. Leo nimeenda Mtumba na kurudi, nimesimama mataa yote, haijatikisika hata mara moja. Kijana wa mashine amefuta kodi na kusoma tena: ikiwa imesimama, 24 imekuwa 3. Mpira wa mtumba nimepata kwa elfu thelathini na tano, unafungwa kesho asubuhi.

Swali langu la mwisho ni hilo vumbi. Limeingia wiki tatu. Nifanye nini?

Mama Gereji Chang'ombe

Safi sana mdogo wangu. Vumbi lililoingia linapita kwenye silinda na mengine yanaishia kwenye oili, na vumbi letu hili lina mchanga unaokwangua. Mwaga oili na filta yake wiki hii hata kama kilomita hazijafika. Throto isafishwe tena, na kabla ya kufunga mpira mpya ufutwe ndani kwa kitambaa kikavu. Usipulizwe kwa upepo ukiwa umeshafungwa. Baada ya hapo angalia stiki kila Jumapili kama unavyofanya. Oili ikianza kupungua, rudi hapa uniambie.

Mzee wa Kizota

Nami kesho naukunja wa kwangu. Yangu ni Allion, pacha wa Premio, na kwenye R huwa inatulia.