Jino limeacha kuuma lakini shavu limevimba, tusubiri?

Mpakiaji_Kibaigwa
Habari za jioni wakuu, hasa mliosomea meno. Mdogo wangu tunapakia naye magunia hapa soko la mahindi. Gego lake la chini kulia lilitoboka zamani. Lilianza kuuma akinywa maji baridi, baadaye likawa linauma usiku hadi anakaa kitako kitandani. Akanunua vidonge vya rangi mbili, vile vya kuua wadudu, na dawa ya maumivu, likatulia kabisa. Tangu jana shavu limevimba, na kwenye ufizi kuna kipele kinatoa usaha mchungu. Bibi amekataza lisiguswe, anasema jino lililovimba haling'olewi, damu haitakata. Tusubiri uvimbe ushuke?

MamaWawili_Kondoa
Pole sana kaka. Maji ya uvuguvugu na chumvi asukutue tu, hayana shida. Ila msimwekee aspirini kwenye ufizi. Mume wangu aliwekewa, nyama ikaungua ikawa nyeupe, akawa na vidonda viwili badala ya kimoja. Maji ya betri ndiyo kabisa msithubutu.

TabibuMeno_Dom
Nafanya kazi chumba cha meno, wilaya mojawapo ya mkoa huu, na hilo neno "likatulia" linaniumiza kila ninapolisikia. Ndani ya jino kuna nyama laini yenye damu na mishipa ya fahamu. Wadudu wakiingia kwa lile tundu, nyama inavimba na haina pa kutanukia, ndiyo yale maumivu ya usiku. Nyama ikifa, maumivu yanakata. Wadudu wao wanaendelea kushuka kwenye mzizi mpaka kwenye mfupa wa taya, na huko ndiko usaha unakojikusanya. Jino la mdogo wako halikupona, limekufa.

Na ndiyo maana vidonge peke yake havimalizi. Damu haipiti tena ndani ya jino lile, dawa itafikaje? Inapunguza makali kwa nje, dozi ikiisha uvimbe unarudi. Lazima chanzo kiondoke: ama ling'olewe, ama mizizi isafishwe na kuzibwa kama jino bado lina ukuta wa kutosha.

Bibi mpe shikamoo yangu, umweleze taratibu kwamba yaliyovimba tunang'oa, na tunayang'oa mara nyingi. Ganzi ndiyo hushika kwa shida penye usaha, kwa hiyo sindano tunaichoma mbali kidogo, karibu na mshipa wa fahamu unaoleta maumivu. Wakati mwingine tunatoa usaha kwanza. Damu kwa kawaida hukata mgonjwa akiing'ata pamba ya hospitali kama nusu saa. Mwenye kisukari, presha au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda atuambie mapema.

Maumivu: parasetamo ya miligramu 500, vidonge 2 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku. Diklofenaki hapana kama ana vidonda vya tumbo.

Sasa nisaidie kitu kimoja usiku huu huu. Mwambie asimamishe vidole vyake vitatu kati ya meno ya mbele. Vinaingia? Mpapase chini ya kidevu, pamekuwa pagumu? Ana homa? Anameza mate vizuri? Magego ya chini ni mabaya kwa hilo, usaha hushuka chini ya ulimi na shingoni, ulimi ukasukumwa juu, pumzi ikabanwa.

Mpakiaji_Kibaigwa
Daktari, vimeingia viwili tu. Mate anatema kwenye kopo, anasema kumeza kunamuuma. Joto analo. Bibi kaona mwenyewe, sasa yeye ndiye anatuharakisha.

TabibuMeno_Dom
Hiyo si ya kesho asubuhi. Tafuteni gari sasa hivi, nendeni hospitali ya wilaya Kongwa, na wakiona inawazidi watawapa rufaa ya Dodoma mjini. Njiani akae wima, asilale chali. Akianza kukoroma au kuhema kwa shida, wajulisheni mara tu mnapofika getini, msipange foleni. Na mbebe maboksi ya dawa zote alizomeza.